Kubadili sili ya mikisa bila kuchomoa shafti: vifaa gani vinashika mzigo, na vinakaa wapi?

#1 Fundi_Pongwe

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa mafundi wa viwandani, hasa wanaoshughulika na mikisa (mashine za kukoroga) za tangi.

Mashine yenyewe ni mikisa ya maziwa ya chokaa, imesimama wima juu ya tangi lisilo na presha, kiwanda kiko upande wa Pongwe. Mota ni ya kW 18.5, giaboksi imekaa juu ya stendi, shafti ni chuma kigumu cha milimita 100, urefu wa mita 4.2, ina impela (mapanga ya kukorogea) mbili za kilo 48 kila moja. Kati ya giaboksi na shafti kuna kaplingi (kiungo) ngumu yenye spesa (kipande cha kati kinachotoka) ya milimita 220. Chini ya kaplingi kuna sili (kizuia uvujaji) ya mekanika ya kipande kimoja, kimo chake milimita 165, imefungwa kwenye pleti ya nusu mbili juu ya flenji (ukingo wenye matundu ya bolti) ya mdomo wa tangi. Kati ya kichwa cha sili na kaplingi ya chini shafti iko wazi milimita 210.

Sili inavuja mvuke na maji ya chokaa. Giaboksi haina tatizo, kwa hiyo sitaki kuishusha. Wazo lililopo ni kufunga slingi (mkanda wa kunyanyulia) chini ya kaplingi, kuning'iniza shafti kwa chenibloko (winchi ya mnyororo) ya tani 1, kutoa spesa, kisha kuchomoa sili kwa juu. Naomba maoni kuhusu vifaa na mpangilio wa kazi. Michoro ninayo, karakana ya kukereza ipo.

#2 Mkwakwani_88

Mkuu, chenibloko ya tani 1 kwa shafti hiyo inatosha kabisa. Weka mbili kwa usalama, moja kila upande.

#3 MzeeGiaboksi

Fundi, ngoja kwanza kabla hujafunga slingi.

Swali la kwanza si tani ngapi. Jiulize sili itapita wapi. Ukifunga slingi chini ya kaplingi, mzigo unashikwa juu ya sili. Ukitaka kuivua sili kwa juu itakutana na slingi hiyo hiyo. Utalazimika kuiachia shafti ili sili ipite, na hapo ndipo watu huanza kutafuta magogo ya kutegeshea impela ndani ya tangi. Gogo kwenye tope la chokaa huteleza, na kitovu cha impela hakikutengenezwa kukalia gogo.

Pili, chenibloko ni chombo cha kunyanyulia na kushushia. Si chombo cha kuachia mzigo huku mikono ya mtu ikiwa kati ya flenji mbili. Breki yake ni diski za msuguano zinazokazwa na mzigo wenyewe kupitia skrubu. Mafuta yakiingia kwenye diski, au vumbi la chokaa likachanganyika na unyevu, breki hiyo huanza kuteleza kidogo kidogo bila sauti. Shafti ikishuka milimita 20 na vidole viko kwenye rejista ya kaplingi (pale nusu zake zinapoingiana), vidole vimekwenda. Kuongeza chenibloko ya pili hakuondoi hatari hiyo, maana mara nyingi moja hubeba karibu mzigo wote na nyingine imelegea.

Kinachotakiwa ni klampu ya chuma ya nusu mbili, inayobana shafti CHINI ya sili na kukalia flenji ya mdomo wa tangi. Bahati nzuri mashine yako inaruhusu, kwa sababu pleti ya sili ni nusu mbili na una milimita 210 za kuchezea. Sili inafunguliwa, inasogezwa juu ikiwa bado kwenye shafti, pleti inatolewa, klampu inaingia kwenye nafasi iliyobaki. Muda wote huo shafti bado imeshikwa na giaboksi, kwa hiyo hakuna kinachoning'inia.

#4 Fundi_Pongwe

Shikamoo mzee. Nimeelewa, tatizo ni mahali pa kushikia. Klampu ya namna hiyo inapigiwaje hesabu? Na uzito niuchukulie vipi, maana shafti ina ukoko wa chokaa.

#5 MzeeGiaboksi

Marahaba. Tuanze na uzito.

Kwa chuma cha duara kigumu, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.00617. Unapata kilo kwa kila mita. Milimita 100 inatoa kilo 61.7 kwa mita, kwa mita 4.2 ni kilo 259. Impela mbili ni 96. Nusu ya chini ya kaplingi weka 22. Jumla ni 377.

Ukoko usiukadirie kwa macho. Ukoko wa milimita 15 kuzunguka shafti kwenye mita tatu za chini unaongeza kama kilo 25, na kwenye mabawa ya impela huwa mnene zaidi. Mimi ningeweka 100 kwa ujumla. Kwa hiyo hesabu yote ifanyike kwa kilo 480. Wala usipunguze kwa sababu eti shafti inaelea ndani ya majimaji. Ni kweli maziwa ya chokaa yenye msongamano wa kilo 1,100 kwa mita ya ujazo yanapunguza uzito wa chuma kilichozama kwa asilimia 14, lakini tangi likishushwa uzito huo unarudi wote kwenye klampu.

Sasa klampu. Boriti ya mraba wa milimita 100, vipande viwili vya urefu wa 220. Kila nusu baada ya kukerezwa itabaki na kilo kama 14, mtu mmoja anaweza kuiweka mahali pake. Bolti nne M16 za daraja la 8.8 (alama ya nguvu ya chuma chake), mbili kila upande, moja juu ya nyingine zikiachana milimita 50, umbali kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya bolti milimita 75.

Ukizikaza kwa toki (nguvu ya kukazia) ya Nm 200, kila bolti inavuta takriban kN 62. Nne ni kama kN 250. Kila nusu inaibana shafti kwa nguvu hiyo, nyuso ni mbili, na kwa msuguano wa 0.1 klampu inaweza kushika kN 50, yaani zaidi ya tani 5. Mzigo wako haufiki nusu tani. Hapo uko salama mara kumi.

Lakini tazama jinsi usalama huo unavyoyeyuka. Shafti ikiwa na grisi, msuguano unashuka mpaka 0.05, umebaki na tani 2.5. Fundi akikaza kwa spana ya kawaida akaishia Nm 50 badala ya 200, umebaki na kilo kama 640. Mambo hayo mawili madogo yakikutana, mara kumi imekuwa mara moja na theluthi. Ndiyo maana spana ya toki na kitambaa chenye thina ni vifaa vya lazima kwenye kazi hii, sawa na klampu yenyewe.

#6 Kereza_Ngamiani

Naongezea upande wa kukereza, kwa sababu hapa watu huharibu.

Usitoboe tundu la milimita 100 kisha ukapasua katikati kwa msumeno. Msumeno unakula milimita 2 au 3 na tundu linakuwa yai. Andaa nusu mbili kwanza, nyuso zinazokutana zinyooshwe, weka kipande cha bati cha milimita 2 katikati, zifunge kwa bolti zake, halafu ndipo ukereze tundu la 100.0 kamili. Ukitoa lile bati, klampu inabana shafti ikiwa na mwanya wa karibu milimita 2 kila upande wa shafti. Mwanya huo lazima uonekane hata baada ya kukaza mpaka Nm 200. Nusu zikigusana, bolti zinabana chuma kwa chuma na shafti haijabanwa, hata kama spana ya toki inasoma vizuri.

Usiipake rangi ndani ya tundu. Usichonge meno ya kung'ata pia. Meno yanaacha makovu kwenye shafti, na kovu kwenye shafti inayopinda mara mamilioni ndipo ufa unapoanzia.

Suala la stadi (bolti isiyo na kichwa): unene wa klampu yote ni milimita 200, kwa hiyo bolti zinatakiwa ndefu, 240 hivi. Wengi watakimbilia dukani kununua fimbo yenye uzi wa kukata mita mita. Fimbo hizo ambazo hazina alama mara nyingi ni daraja la 4.6 au 4.8, na M16 ya daraja hilo ukiivuta kwa Nm 200 inarefuka na kupoteza mkazo. Tafuta iliyogongwa 8.8 kichwani, au fimbo yenye alama ya daraja. Nati nazo ziwe daraja la 8, washa ngumu, siyo zile laini za mabati.

#7 DadaUsalama

Kaka zangu, kabla ya klampu kuna umeme. Naandika hapa kwa sababu kwenye uzi mzima hakuna aliyeutaja.

Kitufe cha kusimamisha siyo kinga. Swichi ya dharura siyo kinga. Kama mota inaendeshwa na kibadilisha kasi, kukizima kwenye skrini siyo kinga. Breka ya mota hiyo izimwe kwenye paneli, kila fundi aweke kufuli lake na tagi yenye jina lake, ufunguo ukae mfukoni mwake. Ndani ya kibadilisha kasi kuna kapasita zinazobaki na chaji. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko chake, kwa kawaida ni kati ya 5 na 15, kisha pima kwa mita. Halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kuhakikisha mashine haiitiki.

Hayo ni ya umeme tu. Shafti ya mikisa huzunguka hata bila umeme. Ukoko ukiwa mnene upande mmoja wa impela ya shafti iliyolala, au pampu ikiwa bado inazungusha majimaji tangini, itajigeuza. Fungeni valvu za kuingiza na kutoa, nazo zitiwe kufuli, na bomba la mvuke kama lipo lizibwe kwa pleti kati ya flenji. Valvu peke yake huvuja.

Chokaa iliyozimwa ina pH ya 12.4 ikiwa imekolea. Ikiingia jichoni haiumi sana mwanzoni, lakini inaendelea kula. Miwani iliyoziba pembeni zote, glavu ndefu za mpira, na maji safi ya kuoshea macho yawe juu pale pale kwenye jukwaa, yatoshe kuosha kwa dakika 20. Ndoo iliyoko chini ya ngazi haimsaidii asiyeona ngazi.

#8 Fundi_Pongwe

Ahsante dada. Je, tangi nilimwage lote? Uzalishaji wanataka libaki na majimaji.

#9 MzeeGiaboksi

Shusha majimaji mpaka chini ya impela ya chini. Hilo usibishane nalo na uzalishaji.

Sababu ni hii: chokaa ikisimama bila kukorogwa inatua. Kazi ya sili hii ikienda vizuri ni zamu moja, ikikwama ni mbili. Kwa muda huo impela ya chini itakuwa imezikwa kwenye tope zito. Mkiiwasha hivyo, mota inasukuma kwa nguvu yote, impela imeshikwa, na shafti ndiyo inayolipa. Ama inapinda, ama kii (kipande cha chuma kinachofunga kaplingi na shafti) inakatika, ama jino la giaboksi linapasuka. Kuna faida ya pili. Impela ikiwa wazi, mnaweza kuigonga ukoko kwa nyundo ya mpira kutokea kwenye tundu la ukaguzi kabla ya kushusha mzigo.

#10 MzeeGiaboksi

Sasa mpangilio wa kazi yenyewe. Soma yote kabla ya kuanza, maana hatua moja ikirukwa unajikuta huwezi kurudi.

Sili ya kipande kimoja ina klipu ndogo za kusetia, tatu au nne, zinazoshikilia nafasi kati ya uso unaozunguka na uso uliotulia. Kwenye kazi huwa zimegeuzwa pembeni au zimehifadhiwa stoo. Zirudishe mahali pake KABLA ya kulegeza skrubu za kola inayoshika shafti. Ukilegeza bila klipu, spring inasukuma nyuso na sili inafunguka mkononi. Hata kama ni sili mbovu inayotupwa, fanya hivyo, kwa sababu utaisogeza juu na hutaki vipande vidondoke tangini.

Fungua nati za sili, legeza kola, isogeze juu milimita 150 na uifunge kwa kamba isirudi. Skrubu za kola huacha vijipembe kwenye shafti. Vilainishe kwa msasa mzuri kwa kuzungusha, usisugue kwa urefu. Vijipembe hivyo ndivyo vinavyokata oringi (pete ya mpira) ya sili mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja. Toa pleti ya nusu mbili.

Sasa flenji ya mdomo iko wazi. Laza juu yake vyuma viwili vya bapa, upana 100, unene 40, urefu 600, vikiachana milimita 110 ili shafti ipite katikati bila kuguswa. Viunganishe kwa fimbo mbili M12 visitanuke, na vifungwe kwenye matundu ya flenji. Kwa mzigo wako mkazo ndani ya vyuma hivyo haufiki MPa 10, kwa hiyo nguvu ipo tele. Kinachohofiwa ni kuteleza. Klampu yenye upana wa 220 itakalia kila chuma kwa milimita 55.

Futa shafti kwa thina mpaka kitambaa kitoke kisafi. Funga klampu ikiwa juu ya vyuma kwa milimita 8. Tumia vipande vya bati kupimia, kila pembe sawa. Kaza kwa msalaba: Nm 70, 140, kisha 200, na zunguka mara ya mwisho zote kwa 200. Chora mstari kwa kalamu ya chuma kwenye shafti, sawa na uso wa juu wa klampu. Ondoa vipande vya bati.

Hapo ndipo unashusha. Kwenye kiungo cha spesa na kaplingi ya chini toa bolti mbili zinazotazamana, weka mahali pake stadi ndefu za M20. Kaza nati zake zibebe mzigo. Toa bolti nyingine zote. Mafundi wawili, kila mmoja na nati yake, wazungushe nusu mzunguko kwa pamoja. M20 ya kawaida hushuka milimita 1.25 kwa kila nusu mzunguko, kwa hiyo baada ya mizunguko mitatu na kidogo klampu inagusa vyuma. Mmoja akitangulia, rejista inang'ang'ania. Ikikwama usipige nyundo, rudini nyuma mzunguko mmoja msawazishe.

Klampu ikishakaa, legezeni stadi milimita 2 zaidi bila kuzitoa. Kaeni kando dakika 10, kisha tazama mstari. Ukiwa umesogea hata nusu milimita, nyanyua tena kwa stadi, safisha, kaza upya. Usipoona mabadiliko, endelea kutoa stadi, kisha spesa. Hadi wakati huo hakuna mkono uliopita kati ya flenji, na stadi zilikuwa bado zinalinda.

#11 Kereza_Ngamiani

Mzee, hapo pa dakika 10 niongeze jambo. Klampu mpya ijaribiwe kwanza chini, karakanani. Kipande cha shafti ya 100, mzigo wa asilimia 125, yaani kilo 600, kiachwe juu ya klampu. Hata pipa za maji zinafaa: pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200 na ushee. Baada ya hapo gonga namba na mzigo wake kwenye klampu. Siku mkaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama kazini) akifika na kuuliza vyombo vya kunyanyulia, kifaa kisicho na alama hakina maelezo.

#12 Fundi_Pongwe

Nimefuatilia mstari kwa mstari. Kutoa nusu ya chini ya kaplingi nifanyeje? Imekaa kwa kubana na ina kii. Pale karakanani kuna gesi.

#13 MzeeGiaboksi

Gesi iache. Moto wa gesi unapasha sehemu moja, kaplingi inapinda, na joto linateremka kwenye shafti mpaka kwenye oringi za sili uliyoifunga hapo juu. Zaidi ya hayo uko juu ya mdomo wa tangi.

Kaplingi nyingi za mikisa zina matundu mawili yenye uzi usoni kwa ajili ya pula (kifaa cha kuvutia). Tumia pula ya haidroli ya tani 10 yenye pleti na fimbo mbili, siyo pula ya miguu mitatu inayoshika ukingo wa flenji, hiyo hukata ukingo. Katikati weka kipande cha shaba kati ya pistoni na mwisho wa shafti, kulinda uzi wa tundu la kunyanyulia lililo kwenye ncha hiyo. Nguvu ya pula inaivuta kaplingi juu na kuisukuma shafti chini, kwa hiyo klampu inaongezewa mzigo tu pale pula inaposimama kwenye kitu kingine. Pula ikishika kaplingi na kusukuma shafti yenyewe, nguvu zinajifunga hapo hapo na klampu haihisi kitu. Hakikisha ni hivyo.

Kurudisha, pasha kaplingi kwa hita ya induksheni. Tundu la milimita 100 likipanda nyuzi 80 juu ya joto la shafti linatanuka takriban milimita 0.1, linaingia kwa mkono. Lakini sili mpya iwe imetangulia, na uiweke mbali na joto, imefunikwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa.

Kabla ya yote pima nafasi. Ukishatoa spesa una 220, ukiongeza ulichoshusha ni kama 228. Sili ni 165. Inapita. Mwenye spesa ya 150 asianze kazi hii, huyo hana njia isipokuwa kuinua giaboksi au kununua sili ya nusu mbili inayofungwa bila kuvua kitu.

#14 Mkwakwani_88

Hiyo sili ya nusu mbili si ndiyo suluhisho basi? Kwa nini watu wahangaike na klampu?

#15 MzeeGiaboksi

Kwa maji na tope la kawaida inafaa, na kazi inaisha haraka. Bei yake ni kubwa kuliko ya kipande kimoja, na viungo vyake vinataka mikono safi sana, chembe moja ya chokaa kwenye kiungo inavuja. Na hata ukiwa nayo, siku ya kubadili beringi ya chini ya giaboksi utahitaji klampu ile ile. Kwa kiwanda chenye mikisa zaidi ya moja za shafti ya aina moja, klampu inajilipa.

#16 DadaUsalama

Naomba niseme jambo ambalo limevunja mashine sehemu nyingi: klampu kusahauliwa kwenye shafti. Kilo 28 za chuma zikianza kuzunguka juu ya flenji, bolti zinakuwa risasi na stendi ya giaboksi inang'oka.

Dawa yake ni ya kimpangilio. Klampu ipakwe rangi ya chungwa nje. Itobolewe tundu sikioni, na ufunguo wa kufuli la ziada la breka, mbali na yale ya mafundi, ufungwe kwenye tundu hilo kwa waya wenye lakiri, klampu ikiwa kwenye shafti. Anayetaka kuwasha lazima aufuate ufunguo kwenye klampu, na akifika ataiona. Stoo nayo iwe na ubao wenye umbo la kila kifaa: klampu, bapa mbili, stadi mbili, spana ya toki, klipu za kusetia za sili. Umbo likiwa tupu ukutani, kibali cha kazi hakifungwi.

#17 Fundi_Pongwe

Hiyo ya ufunguo nimeipenda, naichukua. Kurudisha ni kinyume chake tu?

#18 MzeeGiaboksi

Karibu sawa na hivyo, ila kuna vitu vitatu.

Nyanyua kwa stadi zile zile, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mpaka rejista iingie na flenji zigusane pande zote, fila geji (bati jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.05 isipite popote. Punje moja ya chokaa ya nusu milimita kwenye uso wa kaplingi yenye kipenyo cha 250 inaipeleka ncha ya shafti ya mita 4.2 pembeni milimita 8. Futa nyuso mara mbili. Bolti zote ziwe mpya, zikazwe kwa msalaba kwa hatua tatu. Kitabu cha mashine ndicho kinachotoa toki. Pasipo kitabu, M20 ya 8.8 isiyopakwa grisi iko karibu na Nm 390.

Kisha TOA klampu, toa bapa, ndipo uzungushe shafti kwa mkono kwa ukanda, na dayal geji (saa ya kupimia kuyumba) ikiwa imesimama kwenye shafti wazi karibu na mahali pa sili. Soma mzunguko mzima kila nyuzi 45. Sili za pampu hutaka kuyumba kwa shafti kusizidi milimita 0.05. Za mikisa huvumilia zaidi, namba yake iko kwenye karatasi ya sili. Ikizidi, legeza kaplingi, zungusha nusu moja tundu moja mbele, pima tena, kabla hujailaumu shafti.

Mwisho rudisha pleti, shusha sili, kaza nati zake kwenye pleti, ndipo skrubu za kola, na mwisho kabisa ondoa klipu za kusetia. Mpangilio huo ukigeuzwa, spring inabaki imekazwa zaidi au imelegea, na sili inakufa ndani ya saa chache.

#19 Mkwakwani_88

Wakuu, mimi nina mikisa ya kulala, ya kuchanganyia chakula cha ng'ombe, ile yenye utepe wa chuma unaozunguka kama parafujo. Nataka kubadili beringi ya upande wa mnyororo. Klampu inanihusu?

#20 MzeeGiaboksi

Kanuni ni ile ile, vifaa tofauti. Shafti ya kulala ina hatari mbili: kuanguka na kujigeuza.

Kujigeuza kwanza. Utepe ukifunguliwa bolti za upande mmoja unakuwa mzito upande mwingine, unageuka wenyewe na kumbana aliye ndani. Usitegemee uwiano wa giaboksi kuuzuia. Hata giaboksi ya minyoo (yenye gia ya parafujo) huweza kurudi nyuma ikitikiswa. Toa mnyororo, pitisha pini ya chuma kwenye tundu la gurudumu la mnyororo mpaka kwenye fremu, na ndani weka kabari za mbao ngumu kati ya utepe na kuta, sehemu mbili. Swichi ya mlango siyo kufuli.

Kwa beringi, shika shafti karibu na ukuta wa bakuli, upande wa ndani wa beringi, siyo kwenye ncha. Inua kwa jeki ya chupa nusu milimita tu, kipimo kiwe cha dayal geji, inatosha kuondoa mzigo kwenye beringi. Ukiinua zaidi unapinda shafti na kuharibu beringi ya upande wa pili. Kisha ingiza stendi ya skrubu chini, kaza, shusha jeki. Jeki ya mafuta hushuka yenyewe ikiachwa, stendi ya skrubu haishuki. Kichwa cha stendi kiwe na umbo la V chenye bati la shaba.

Beringi ikiwa ya slivu ya koni (bomba fupi linaloibana kwenye shafti), pima mwanya wa roli kwa fila geji kabla ya kufunga, kisha kaza nati huku ukipima, na usimame pale mwanya unapopungua kwa kiasi kilichoandikwa kwenye jedwali la beringi hiyo. Kukaza kwa kusikiliza mkono kunachoma beringi mpya.

#21 Kereza_Ngamiani

Kwa atakayefika hatua ya kuichomoa shafti nzima ya wima, ncha ya juu ina tundu lenye uzi. Aibolti (bolti yenye pete kichwani) ya M20 iliyofuliwa hubeba kilo 1,200 ikivutwa wima. Ikivutwa kwa pembeni uwezo unaporomoka, na wakati wa kuilaza shafti ndipo inapovutwa pembeni. Tumia pete ya kunyanyulia inayozunguka, uzi uingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo, bega ligande kabisa. Weka mizani ya kreni kwenye ndoano: ikisoma zaidi ya kilo 600 kwa shafti hii, kuna kitu kimeshika chini, labda bushi, simamisha. Ukishailaza, iwekee vitalu viwili vya V, kila kimoja mita 0.92 kutoka nchani kwa urefu wa mita 4.2. Ikiachwa imekaa kwenye ncha zake inabonyea.

#22 Fundi_Pongwe

Nimepeleka mchoro wa klampu karakanani: boriti mbili za 100 kwa 100 kwa 220, tundu 100.0 kwa bati la 2 katikati, M16 nne za 8.8. Pipa tatu za kujaribia nimepata. Swali la mwisho: klampu na cheni zikae wapi? Stoo yetu iko wazi upande wa bahari, kaskazi ikivuma kila kitu kinavaa kutu.

#23 Kereza_Ngamiani

Klampu ipake mafuta mazito ndani ya tundu na uifunge kwa nailoni. Yafutwe kwa thina siku ya kazi, na anayefuta aandike jina kwenye kibali, maana mafuta hayo ndiyo yale ya 0.05 aliyoyasema mzee. Chenibloko itundikwe ndani, juu kutoka sakafuni, cheni iguswe mafuta mepesi lakini kifuniko cha breki kisipuliziwe kitu. Kila kabla ya kazi pima mdomo wa ndoano. Ukipanuka kwa zaidi ya asilimia 5 ya kipimo chake cha mwanzo, ndoano inatupwa, hainyooshwi kwa moto. Slingi za kitambaa zisome rangi zake, zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, na iliyokaa kwenye chokaa iliyolowa isirudi kazini, kwa sababu nyuzi za poliesta huliwa na chokaa bila kuonekana kwa nje.